Nani Aliyefuta Herufi ya Afia

Sintike alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, miguu imefungwa mnyororo, na bado maneno alikuwa nayo.

"Mzee Zotiko, umechelewa. Wenzako wameshanihukumu, wamebakisha kuchagua kuni tu."

"Kuni ni kazi ya liwali," alisema Zotiko, akainama kuingia. "Na liwali anafika Hierapoli kesho asubuhi. Kwa hiyo mimi nina leo tu, na wewe una leo tu. Hebu nianzie mwanzo."

"Nimeshawaeleza watu watatu."

"Mimi ni wa nne. Anza."

Zotiko alikuwa msaidizi wa mkuu wa amani wa jiji. Maana yake ni kwamba mkuu alivaa joho na kukaa barazani, na Zotiko ndiye aliyekwenda kuinama kwenye vyumba kama hiki na kuuliza watu walikula nini na saa ngapi. Safari hii mkuu alikuwa ameshaandika mwenyewe bila kumngoja: mtumwa amemuua bibi yake kwa sumu. Kwa kosa hilo sheria ilikuwa na jibu moja, na jibu lenyewe ni moto. Zotiko alikasirishwa na ile hati, si kwa huruma tu. Alikasirika kwa sababu iliandikwa kivivu.

"Leo ni siku ya tisa," alianza Sintike. "Siku ya kwanza tuliondoka mjini, mimi na Bibi Afia, tukaenda shamba la mizabibu. Siku ya saba asubuhi alikula vikate viwili vya asali, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekufa mikononi mwangu. Jana, siku ya nane, wamemzika. Sikuruhusiwa hata kumlilia, walishanifunga."

"Vikate vilitoka wapi?"

"Vilitoka mjini, siku ileile ya kwanza. Bibi Tatia, wifi yake, ndiye alinipa kapu mlangoni, mkono wake kwa mkono wangu. Akaniambia, 'Mpe ale leo leo, vikiwa laini.'"

"Tatia anasema uliviokea wewe."

"Mimi?" Sintike alicheka mpaka mnyororo ukalia. "Muulize yeyote jikoni. Mkate wangu mimi, mbuzi anaunusa anaondoka."

"Sawa. Kapu limefika siku ya kwanza, na mtu amekula siku ya saba. Vikate vya asali vikae siku sita bila kuguswa? Nyumba gani hiyo?"

"Nyumba yenye mfungo. Bibi alikuwa ameweka nadhiri kwa Mama wa Miungu apate mtoto. Siku sita asiguse unga wa aina yoyote. Asubuhi ya saba ndiyo alifungua. Akanikaribisha na mimi nile. Nikamwambia vimekauka, nitavunja jino."

Hapo machozi yalimtoka. Zotiko alimwacha apanguse uso.

"Nani alijua kuhusu mfungo?"

"Mimi. Na mumewe, Bwana Menofanto, maana hata kitanda ilibidi watengane."

"Na wifi?"

"Thubutu! Bibi alinionya, 'Sintike, wifi akijua natafuta mtoto, nitajua umesema wewe, na ulimi wako nitaukata.' Ile nyumba, Mzee, ilikuwa na wanawake wawili na mwanamume mmoja, na mmoja wao ni dada yake tu. Lakini wivu ulikuwa wa wake wenza kabisa. Nani kampakulia kwanza, nani kamfumia joho. Hata nani atalala karibu naye kaburini."

"Hata nani nini?"

"Kaburini. Nenda kalisome kaburi lao, wewe si unajua kusoma?"

* * *

Kutoka lango la kaskazini makaburi ya Hierapoli yamejipanga pande zote mbili za barabara, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kila moja linamsemesha mpita njia. Hapa amelala fulani. Hapa hakuna ruhusa ya kuzikwa mtu mwingine. Nakala ya maneno haya iko nyumba ya hati. Watu wa mji huu hupigania mahali pa kulala wakifa kuliko wanavyopigania nyumba za kuishi.

Hatua mia mbili nje ya lango Zotiko alisimama kama alivyosimama kila alipopita pale, akatoa kichupa cha mafuta na kumimina kidogo kwenye upande wa kushoto wa jeneza moja la jiwe la kawaida. Upande wa kushoto alilala Meltine. Alikuwa mke wa Zotiko kwa miaka kumi na tisa. Ila kabla ya hapo alikuwa mke wa mwoka mikate mmoja aitwaye Papia, na huyo Papia, alipokuwa hai, aliwahi kuchonga majina yote mawili. Meltine alipokufa jina lake lilikuwa likimngoja pale, na sheria ikafuata jina. Sasa maandishi yalisema Papia, na chini yake, Meltine. Upande wa kulia Zotiko hakumimina hata tone. Alimwonea wivu mwoka mikate aliyekufa miaka thelathini iliyopita, alijua ni upuuzi, na hakuwa na nia ya kuacha.

Kaburi la Menofanto lilikuwa mbele zaidi, chini ya mfereji wa maji ya moto. Lilijengwa kama nyumba, lina mlango na paa la mgongo, na juu ya paa limekaa jeneza la marumaru lenye mashada ya kuchonga. Ndani ya ile nyumba ya mawe kulikuwa na mabenchi ya kulaza jamaa wa nyumbani na watumwa walioachwa huru. Jeneza la juu lilikuwa la wenye kaburi. Kati ya juu na chini kulikuwa na ngazi tisa tu, lakini hakuna mtu mjini ambaye hakujua maana ya kupandishwa au kuachwa chini.

Karpo mchongaji alikuwa ameshakaa juu ya ngazi anakula kitunguu.

"Umeniita kwenye kaburi kabla ya saa ya chakula," alisema. "Urafiki gani huu?"

"Urafiki wa kazi. Nisomee."

"Macho yako yana nini?"

"Nataka nisikie mchongaji akisoma."

Karpo akafuata mistari kwa kitunguu chake. "'Menofanto, mpaka rangi wa sufu.' Kisha Z. 'Na Afia, mke wake.' Kisha, basi, hakuna kitu. 'Mwingine asizikwe humu.'"

Ile herufi Z ilikuwa ndogo, imechongwa pembeni ya jina. Mtu akijijengea kaburi angali hai, mchongaji humwekea Z, herufi ya kwanza ya neno la Kigiriki lenye maana ya yu hai, ili wapita njia wasimlilie bure. Siku akifa, Z inasuguliwa mpaka inatoweka. Menofanto alikuwa na Z yake. Pembeni ya jina la Afia palikuwa pameachwa jiwe tupu lililosuguliwa.

"Uliifuta lini?" aliuliza Zotiko.

"Sikuifuta."

"Karpo."

"Naapa kwa Apolo. Jana wakati wa maziko nimekuja na jiwe langu la kusugulia, nikakuta imeshasuguliwa. Nikasema labda ndugu wamefanya wenyewe kwa uchungu. Nikanyamaza. Msibani mtu huulizi."

"Shuka, nipishe."

Zotiko alipanda, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia jiwe. Maji ya Hierapoli yanageuka mawe. Hilo hata watoto wanalijua, maana ukiacha mtungi chini ya tone unaukuta umevaa ngozi nyeupe. Mfereji uliokuwa juu ya kaburi ulivuja, na uso wote wa jeneza ulipata tone lake kila baada ya muda mfupi. Palipofutwa Z palikuwa pameshavaa ukoko mweupe. Akaukwaruza kwa ukucha, haukutoka.

"Jana mlipofungua mfuniko, mlivunja popote?"

"Hapo kwenye kona, kidogo. Usimwambie Menofanto."

Zotiko akaangalia kona. Jiwe lililovunjika jana lilikuwa safi, linang'aa, halina ukoko hata kidogo.

"Na kabla ya jana, mara ya mwisho umefanya kazi hapa lini?"

Karpo alifikiri. "Siku ya mashada ya chama cha wapaka rangi. Walikuja kuweka mashada kwenye kaburi la baba yao, lile pale jirani, nikaitwa nizibe ufa huku sehemu ya chini ya jeneza. Nimechonga kishimo hiki hapa, nikamimina risasi iliyoyeyushwa. Siku ya mashada ni... ukihesabu tangu Afia alipokwenda shamba? Ni siku ya pili ya hesabu yako. Afia alikuwa ameondoka jana yake."

Zotiko alipapasa ukingo wa kile kishimo, kisha akapapasa palipofutwa Z. Akarudia. Akamwita Karpo naye apapase, kwa sababu ushahidi wa mkono mmoja haumtoshi liwali.

"Sawasawa," alisema Karpo, na kitunguu akakiweka kando. "Ukoko wa unene mmoja. Siku moja. Lakini siku ile Bibi Afia alikuwa mzima!"

"Mzima kabisa. Alikuwa shambani anashinda njaa kwa hiari yake. Mtu mmoja alimfuta katika walio hai siku tano kabla hajafa."

"Uchawi?"

"Haraka," alisema Zotiko. "Mtu alijua kapu limekwenda. Alihesabu kwamba vikate vimeliwa siku ya kwanza, vikiwa laini, na kwamba asubuhi ya pili hakuna Afia tena. Hakujua kuhusu mfungo. Sintike alijua, na alikuwa shambani. Angemfutaje mtu anayemwona kwa macho?"

Akarudi kulitazama jiwe. Pembeni kidogo ya pale palipofutwa, chini ya ukoko uliokuwa bado mwembamba, kulikuwa na doa jekundu lenye upana wa kidole gumba. Kidole chenyewe kidogo, cha mwanamke au mwanamume mwembamba, kimekatwa na mstari wa kovu katikati. Mtu aliegemeza mkono mmoja huku anasugua kwa mwingine, na maji yakamtunzia alama yake.

"Mizizi ya rangi, ile nyekundu ya kutilia sufu," alisema Karpo. "Siku ya mashada wote huja hivyo. Desturi yao, mikono inatoka kwenye pipa la rangi moja kwa moja, haioshwi. Utaondoka na wapaka rangi arobaini wa kuwakamata."

"Na Menofanto?"

"Naye alikuwepo."

Zotiko akashuka. Kabla hajaondoka aliusoma tena mstari wa kwanza kutoka chini, na safari hii akauona ulivyo. Jina la Menofanto halikuanzia ukingoni. Lilianza mbali, katikati, kama mgeni aliyeambiwa asogee ampishe mtu.

"Karpo, wewe huachi nafasi hivi. Hapa mbele palikuwa na nini?"

Karpo akatafuta kitunguu chake kwa muda mrefu kuliko kitunguu kinavyohitaji.

"Jina la dada yake. Nililijaza chokaa," alisema mwishowe. "Nikapaka rangi ya jiwe. Miaka mitano iliyopita, siku Menofanto alipooa."

* * *

Zotiko alimkuta Menofanto kwenye ua wake wa kazi, katikati ya sufu nyekundu zilizotundikwa. Alikuwa mtu mpole, mnene, macho yamevimba kwa kulia. Zotiko aliiangalia mikono yake kabla ya uso. Vidole vilikuwa vinene na vyeupe, havina kovu.

"Siku ya mashada ulitumbukiza mikono?"

"Kidole kimoja, kwa ajili ya desturi. Siku hizi mapipa anayashika dada. Kwa nini?"

"Uliutambua mfungo wa mkeo?"

"Nimelala chumba cha wageni, Bwana Zotiko. Ningeacha kuutambua?" Machozi yakamjia tena. "Nilikuwa nahesabu siku. Siku ya saba nilitaka nimfuate shambani."

Kwa Zotiko hilo lilitosha kumwondoa. Mume aliyehesabu siku za mfungo asingemfuta mkewe siku ya pili.

"Pale kaburini, mbele ya jina lako, palikuwa na jina la dada yako."

"Ndiyo." Menofanto alikwepesha macho. "Tulilijenga pamoja nilipofika umri wa kuingia chamani. Yeye mkubwa, akaandikwa kwanza. 'Tatia na Menofanto.' Afia alipokuja, akasema hawezi kulala milele chini ya jina la wifi. Alilia siku tatu. Mimi sipendi vilio, nikamwambia Karpo azibe."

"Na dada yako ukamweka wapi?"

"Chini, kwenye mabenchi. Pazuri tu, pana hewa."

"Pamoja na watumwa walioachwa huru."

"Ni watu wetu wa nyumbani!"

"Akasema nini?"

"Tatia? Hakusema kitu. Siku ileile alinipikia samaki. Dada si mtu wa maneno."

Zotiko alimtazama mtu huyu mwema aliyezunguka kati ya wanawake wawili miaka mitano, akimpa huyu cha yule na yule cha huyu ili nyumba itulie, na akatamani kumpiga kibao.

"Naomba ruhusa mbili," alisema badala yake. "Kwanza, Karpo aitoe ile chokaa. Pili, alasiri uje kaburini na dada yako. Usimwambie kitu."

"Kwa nini niliguse kaburi la mke wangu wakati hajatimiza hata siku mbili?"

"Kwa sababu kesho wanamchoma Sintike. Kama dada yako hana neno, atakuwa amerudishiwa jina lake, na mimi nitakuomba radhi mbele za watu. Kama ana neno, nataka ulisikie kwa masikio yako."

Menofanto alipangusa macho. Kisha akaitikia kwa kichwa.

* * *

Tatia alikuja alasiri amevaa nguo za msiba, amebeba shada na chupa ya maziwa, akitembea mbele ya kaka yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, mgongo umenyooka, mikono imeiva rangi mpaka kwenye viwiko. Askari wawili wa jiji walikuwa wamesimama karibu na kaburi la jirani wakijifanya wanasoma.

"Bwana Zotiko," alisalimu. "Nimeambiwa kuna jambo la maandishi. Tulimalize upesi, nimeacha pipa motoni."

"Ni dogo tu, Bibi. Tazama mwenyewe."

Alipandisha macho. Karpo alikuwa amefanya kazi yake vizuri, kila herufi imesafishwa mpaka kwenye mizizi. TATIA, ukingoni kabisa, mstari wa kwanza. Na pembeni ya jina, Z yake, ile ya zamani.

Chupa ya maziwa ilimtoka mkononi. Alizipanda zile ngazi kama msichana, akaweka kidole gumba juu ya herufi ya kwanza ya jina lake, akaipitisha taratibu mpaka ya mwisho. Kidole kilikuwa na kovu limekikata katikati, kama la mtu aliyekatwa na ndoana ya kuopolea sufu. Karpo alikiona. Zotiko alimwona Karpo akikiona.

"Kaka," alisema Tatia bila kugeuka. "Umenirudisha."

Menofanto aliiokota chupa.

"Bibi Tatia," alisema Zotiko. "Nani aliifuta Z ya Afia?"

"Karpo, jana. Ndiyo kazi yake."

"Jana niliikuta imefutwa," alisema Karpo.

"Basi ndugu zake. Nitajuaje mimi? Watu wanalia, watu wanafuta." Kidole bado kilikuwa juu ya jina.

"Ilifutwa siku ya mashada. Maji yametuandikia. Weka kidole chako hapo, kwenye doa jekundu."

Hakukiweka. Lakini alilitazama doa, na wote walimwona anavyolitazama.

"Siku ya mashada nilishika mawe mengi," alisema. "Nilikuwa kwa baba yangu, hapo jirani. Kuegemea jiwe si kosa."

"Si kosa hata kidogo. Kinachonisumbua ni kimoja." Zotiko alikaa kwenye ngazi ya chini kama mtu aliyechoka, na kweli alikuwa amechoka. "Wifi yako alikufa siku ya saba tangu aondoke. Ulijua kwamba alikuwa amefunga?"

"Amefunga nini?"

"Mfungo wa Mama wa Miungu. Siku sita, bila unga wa aina yoyote. Vikate vilikaa kwenye kapu, havijaguswa. Vya asali, vile ambavyo Sintike aliambiwa ampe ale leo leo."

Tatia aligeuka polepole. Usoni pake palikuwa na kitu kama nafuu, ya mtu aliyesumbuka na hesabu siku nyingi na sasa ameona alipokosea.

"Kumbe ndiyo maana alichelewa," alisema.

Tone la maji lilidondoka kwenye marumaru, na jingine. Menofanto alikuwa wa kwanza kuelewa, au wa kwanza kushindwa kujizuia.

"Alichelewa?" alisema. "Dada. Alichelewa wapi?"

Tatia alimtazama kaka yake, na hakujaribu kulirudisha lile neno. Alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, mgongo kwenye jina lake.

"Asubuhi ile ya mashada nilijua ameshakufa," alisema. "Nilijua kabisa. Nikawaza, nitangoja mjumbe mpaka lini? Miaka mitano nimengoja. Kila mwaka nakuja na shada, nasoma Afia Z, Afia Z, na mimi pale mbele nimejazwa chokaa kama ufa. Nikachukua jiwe la Karpo alipokuwa anayeyusha risasi. Nilisugua kidogo tu. Nilipofika nyumbani hakuna mjumbe. Siku ya tatu hakuna. Ya nne hakuna. Nilidhani nimekosea kipimo."

"Alikuwa anaomba mtoto!" alipiga kelele Menofanto.

"Na mtoto angelala wapi? Juu, na nyinyi!" Sauti ilimpasuka. "Mama alipokufa ulikuwa na miaka minne. Nani alikubeba mgongoni huku anakoroga pipa? Nani alikataa waume wawili kwa sababu hawakukutaka? Nilikuomba nini, Menofanto? Nyumba? Niliomba kulala ubavuni kwako tu. Akaja yule, akalia siku tatu, ukanitoa. Mimi ningelia mwaka ungenisikia?"

"Hukusema kitu! Ulinipikia samaki!"

"Nilikupikia samaki," alisema Tatia.

Zotiko aliinuka, akawapungia askari. Kisha akamwambia mmoja wao akimbie kwanza kwa mkuu wa amani, ampe maneno haya, na Karpo na Menofanto ndio mashahidi: kwamba Sintike afunguliwe mnyororo leo, kabla jua halijazama, na kwamba hati ya mkuu iandikwe upya. Askari akauliza kama ni lazima aseme "iandikwe upya". Zotiko akasema hilo hasa ndilo asisahau.

Tatia alishuka mwenyewe bila kushikwa. Alipopita karibu na kaka yake alisimama, lakini Menofanto alikuwa amegeukia jiwe.

"Karpo," alisema Menofanto. "Lifute. Jina na herufi yake. Lifute sasa hivi."

Karpo alishaokota jiwe la kusugulia. Akamtazama Zotiko.

"Weka chini," alisema Zotiko. "Bado yu hai. Kaburi hili limeshafutwa mtu kabla ya wakati mara moja, inatosha."

"Ni kaburi langu!"

"Na neno la liwali bado. Siku akifa utafanya unavyotaka. Leo mtu asiguse kitu."

Karpo akaliweka jiwe kwenye mfuko wake, akaufunga kamba. Tatia alikuwa ameshafika barabarani na askari aliyebaki, wanaelekea langoni. Hapo akasimama ghafla, askari akamkanyaga kisigino.

"Bwana Zotiko!" aliita. "Wewe unasoma vizuri. Mtu akipita hapa, akasoma kutoka barabarani, anaanza na jina la nani?"

Zotiko angeweza kusema lolote. Aligeuka akalisoma jeneza kutoka pale aliposimama, kama anavyolisoma mpita njia, kuanzia ukingoni.

"Lako," alisema.

Tatia alikubali kwa kichwa, akatangulia mbele ya askari.